“Data zilisafishwa”: na nani?

«Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni msaidizi wa utafiti hapa Pemba, binti wa miaka 26. Kwa miezi 14 nimeandika programu kwa lugha ya R inayosafisha data za vipima joto vilivyofungwa kwenye vigingi vya mashamba ya mwani. Maji yakikauka siku za bamvua vipima vinabaki juani, vinaandika joto lisilokuwa la bahari. Programu yangu inavitambua vipimo hivyo na kuviondoa. Nimeiita Bamvua, ina mistari kama 1,400. Mwaka jana mradi wetu umetoa makala yenye waandishi 6. Mimi nimo kwenye shukrani, “kwa msaada wa kompyuta”, na ndani imeandikwa tu kwamba data zilisafishwa. Sasa mradi mwengine wanataka niwapelekee programu kwa flashi. Nilimuuliza mkuu wangu kama naweza kuichapisha kwa jina langu, akanambia programu si utafiti, nisubiri mpaka niandike makala. Namuonea muhali kumuuliza tena. Je, kweli si utafiti? Na nikiiweka wazi si itaibiwa? Nataka kuomba nafasi ya shahada ya pili na sina cha kuonesha.»

Waalaykum salaam mwanangu. Umeuliza maswali mawili, lakini nimeisoma barua yako mara mbili na naona la tatu limejificha katikati yake: vipi utamkabili mkuu wako bila ya kuonekana umekosa adabu. Hilo nitalifikia. Kwanza tumalize hili la programu si utafiti, maana ndilo linalokufanya ujione mikono mitupu na hali umeshika kitu.

Turudi kwenye kigingi. Wewe haya unayajua, lakini wasomaji wengine hawakuwahi kusimama kwenye shamba la mwani. Kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4, na yana tabia moja: siku hizo hujaa karibu na saa 10, hukauka karibu na saa 4, mchana na usiku. Maana yake kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, kipima chako kinabaki juu ya mchanga saa 4 asubuhi, jua likiwa limeshapata nguvu. Tuseme kinaandika nyuzi 27.9, kisha 28.2, halafu ghafla 33, 37, 38.5; maji yakirudi namba inaanguka mpaka 28.6. Kosa la namna hii halijifuti lenyewe ukichukua wastani, kwa sababu si kosa la kubahatisha. Lina saa yake, lina mwezi wake, na linasukuma upande mmoja tu, juu. Mtu akiziacha namba zile atatangaza kwamba bahari ya Pemba imepata joto, kumbe amepima jua.

Sasa programu yako inafanya nini hapo? Inaamua. Inasema joto likiruka kwa nyuzi kadhaa ndani ya nusu saa, na jedwali la maji likionesha kimo kiko chini ya kiwango fulani, kipimo hiki hakihesabiki. Nani aliyesema ziwe nyuzi 3 na si 5? Wewe, baada ya kuangalia data usiku kucha. Ukikaza sana unazitupa siku ambazo maji ya kina kifupi yalipata moto kweli. Ukilegeza unaliingiza jua ndani ya matokeo. Kila penye “ikiwa” katika msimbo wako pana hoja ya kisayansi ambayo mtu mwengine anaweza kuipinga. Kitu kinachoweza kupingwa kwa hoja na kikabadilisha jibu la mwisho, mimi sina jina jengine la kukiita ila utafiti.

Na kwa kuwa tumefika hapo, nina neno moja la ufundi kabla hujaitoa. Usiviondoe vipimo vile. Vitie alama tu, mtumiaji achague mwenyewe. Mwani nao ulikuwa juani pamoja na kipima. Kwa anayetaka kujua joto la bahari, zile nyuzi 38 ni takataka. Kwa anayetaka kujua kwa nini mwani umegeuka mweupe ukakatika kwenye kamba, huenda zile nyuzi 38 ndizo anazozitafuta. Hao ni watumiaji wawili wa programu moja, na umewapata bila ya kutoka shambani.

Tumpe mkuu wako haki yake. Si kila kitu kilichoandikwa kwa R ni mchango wa utafiti. Skripti ya kufungua faili 20 na kuchora grafu ni kazi ya kawaida, mfano wa kuendesha boti kumpeleka mtafiti Kojani. Ni kazi muhimu na haiandikiwi makala. Wengi waliopata shahada zao zamani walizoea kompyuta za namna hiyo, na neno “programu” linawapeleka huko moja kwa moja. Alikosea kuzitia zote kapu moja.

Mimi mwenyewe yamenifika. Zamani kidogo nilikuwa nikikusanya rikodi za samaki kutoka madikoni. Makarani wanaandika kama wanavyosema: kolekole, kole kole, mara kifupisho anachokijua mwenyewe, na kuna majina ambayo Unguja ni samaki huyu na Pemba ni yule. Nikaandika programu ya kuyapatanisha, kazi ya jioni za karibu mwaka mzima. Ripoti ikatoka, ndani yake: “data zilisafishwa”. Zilisafishwa na nani, na upepo wa kusi? Nikanyamaza, nikanuna kimoyomoyo. Baada ya miaka mitatu mtu akaniandikia akiuliza mbona namba za nguru za mwaka mmoja haziendani na za mwaka unaofuata. Nikaitafuta programu kwenye kompyuta moja mbovu, nikakuta nakala 4. Moja inaitwa “mwisho”, nyengine “mwisho_kweli”, na mbili hazina maana. Mpaka leo sijui ni ipi iliyozaa ripoti ile. Siku hiyo ndipo nilipofahamu kwamba walioandika ripoti walikosea, lakini hata wangetaka kunitaja wangetaja nini? Kitu hakikuwa na jina, hakikuwa na toleo, hakikuwa mahali.

Kwa hivyo nikueleze mtambo wa sifa za kisayansi unavyofanya kazi, kwa sababu watu wengi wanadhani ni suala la ukarimu tu. Makala ikichapishwa, orodha yake ya marejeo hutumwa kwenye mifumo ya kompyuta pamoja na vitambulisho vya kudumu, ile namba ya DOI unayoiona chini ya makala. Mashine zinasoma orodha ile na kuunganisha: hii imeitaja ile, ile imetajwa mara kadhaa. Kinachohesabika ni kilichomo kwenye orodha ya marejeo na kina kitambulisho. Shukrani hazimo. Jina la programu lililotajwa kwa kupita katikati ya aya halimo. Mwaka 2016 James Howison na Julia Bullard walichapisha uchunguzi wa makala 90 za biolojia wakiangalia programu zinavyotajwa, na wakakuta kutajwa kwingi hakukuwa na rejea rasmi. Wengine waliandika jina tu, wengine hata jina hawakuliandika. Ni ugonjwa wa dunia nzima, haukuanzia Pemba.

Kuna kisa ninachokipenda cha Muingereza George Sheldrick, aliyeandika programu za SHELX za kuchambua fuwele. Wanakemia walizitumia tangu miaka ya 1970, na kwa muda mrefu hakukuwa na makala moja inayoeleweka ya kuirejelea. Mwaka 2008 akaandika makala kuhusu historia ya programu zake, na ndani yake akasema waziwazi kwamba anayezitumia anaweza kuirejelea hiyo. Marejeo yakamiminika kwa maelfu. Jarida lililoichapisha lilikuwa na kipimo cha athari, yaani wastani wa marejeo kwa kila makala, cha kama 2. Mwaka uliofuata kikaruka mpaka karibu 50, sababu kubwa ikiwa makala ile moja. Watumiaji walikuwepo siku zote na wala hawakuwa wachoyo. Walikuwa hawana pa kuelekeza kidole.

Mwaka huo huo wa 2016 kundi la FORCE11, la wanaoshughulikia uchapishaji wa kitaaluma, lilitoa kanuni 6 za kurejelea programu. La kwanza ni kwamba programu ihesabiwe kuwa zao halali la utafiti na irejelewe sawa na makala au data. Hata kabla ya hapo, mwaka 2013, mfuko wa sayansi wa taifa wa Marekani ulibadilisha fomu zake: pale palipokuwa pakiulizwa “machapisho” yako pakaulizwa “mazao” yako, programu ikiwemo. Nakutajia haya ili ukikaa na mkuu wako uwe na la kusema lisilokuwa lawama. Lakini nisikudanganye: kamati nyingi za kupandisha vyeo bado zinahesabu makala, na programu yenye DOI peke yake huenda wakaitazama tu. Ndiyo maana nitakushauri vyote viwili.

Sasa wizi. Hapa una dhana ambayo inabidi uigeuze juu chini. Unaogopa kuiweka wazi na huku unafikiria kuitoa kwa flashi, na flashi ndiyo njia ya kuitupa baharini. Ikishatoka kwa flashi haina tarehe, haina toleo, haina jina lako. Ikifika kwenye kompyuta ya tatu hakuna anayejua ilikotoka. Kitu kilichowekwa hadharani, kikiwa na tarehe na jina, ndicho kigumu kuiba, kwa sababu kila mtu anaweza kuona nani alitangulia.

Dhana ya pili: wengi wanaamini msimbo usiokuwa na leseni ni wa bure kwa kila mtu. Ni kinyume chake. Bila ya leseni mtu hana ruhusa ya kuunakili wala kuubadilisha, hata kama anauona kwenye skrini. Kisheria programu inalindwa kama maandishi ya fasihi. Mbele ya hakimiliki mistari yako 1,400 imekaa baraza moja na utenzi. Leseni ndiyo inayosema “ingia, lakini kwa masharti haya”. Leseni ya MIT ni nyepesi: fanya utakalo, ila tangazo la hakimiliki libaki. Ya GPL inamtaka anayeigawa programu aliyoitengeneza kutokana na yako naye aitoe kwa masharti hayo hayo. Kwa programu ya mwani ningechagua MIT, mradi ukitaka vyengine sawa. Usitunge leseni yako ya “lazima unitaje kwenye makala”, maana haitakubalika kuwa leseni huria na majarida mazuri yataikataa. Kurejelea ni ada ya wanazuoni, leseni haiwezi kuilazimisha. Unawarahisishia tu, mpaka asiyekutaja aonekane yeye ndiye wa ajabu.

Lakini leseni hutolewa na mwenye mali, na hapa ndipo mkuu wako anaporudi. Wewe ni mwajiriwa. Mara nyingi kazi iliyofanywa ndani ya ajira, haki zake za kiuchumi ni za mwajiri isipokuwa mkataba umesema vyengine, na pengine mfadhili naye ana kifungu chake. Haki ya kutajwa kuwa mwandishi ni jambo jengine. Hiyo inakuandama wewe. Hakimiliki si jambo la Muungano, kwa hivyo sheria ya kuisoma ni ya Zanzibar ya mwaka 2003, usije ukapewa ile ya Bara ya 1999 ukaishika. Toa mkataba wako, usome kifungu cha miliki, na usibonyeze kitu mpaka upate ruhusa ya maandishi.

Muhali sasa. Muhali umewapotezea watu wengi kazi zao visiwani kwetu, na wala si kwa ubaya wa mtu. Unamstahi mkubwa, mkubwa anadhani umeridhika, siku zinakwenda. Dawa yake ni kutokwenda na malalamiko. Usimuulize tena kama unaweza kuichapisha kwa jina lako, maana hilo alishalijibu na utamlazimisha ajijibu mwenyewe. Nenda na jambo jipya, ambalo unalo. Mwambie: “Mwalimu, naomba dakika zako 10. Wale wa mradi mwengine wameiomba Bamvua. Kabla hatujawapa naona tuiwekee toleo rasmi lenye namba, ili wakiitumia wautaje mradi wetu. Nimeandaa karatasi moja, naomba uiangalie.” Ndani ya karatasi hiyo pana orodha ya waandishi wa programu, na wewe ndiye wa kwanza. Kama yeye ndiye aliyekwambia utumie jedwali la maji, au alikusahihisha viwango, mwandike naye. Mtu akiona umemtendea haki anakuwa mwepesi. Mkikubaliana, jioni ile ile mtumie barua pepe fupi ya kumshukuru na kutaja mlichokubaliana. Hufanyi hivyo kwa kumtilia shaka, watu husahau.

Na makala iliyokwishatoka? Swali hili hukuliuliza lakini najua linakuuma. Kubadilisha orodha ya waandishi baada ya kuchapishwa kunahitaji ridhaa ya waandishi wote na mhariri, na mimi nisingeanzia hapo. Ningeomba la makala ijayo, mapema, kabla ya rasimu. Majarida mengi siku hizi hutumia orodha iitwayo CRediT, yenye aina 14 za mchango, na “programu” ni mojawapo. Lakini zingatia: majarida mengi yanamtaka mwandishi mwenza awe pia amesoma rasimu, ameikubali, na yuko tayari kuijibia. Ukitaka kiti hicho ujue kina kazi yake. Omba usome sehemu ya mbinu na uiandike wewe. Ukiiandika wewe hutaandika “data zilisafishwa”. Utaandika: “Vipimo vilivyochukuliwa kipima kikiwa nje ya maji vilitiwa alama kwa programu Bamvua, toleo 1.0.0,” na mbele yake rejea. Sentensi moja hiyo ndiyo tofauti yote.

Ukishapata ruhusa kazi yenyewe ni ya wiki moja au mbili. Weka msimbo GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo na kuufanyia kazi pamoja na wengine, kisha uunganishe na Zenodo, hifadhi inayoendeshwa na CERN, kituo cha fizikia cha Ulaya, tangu 2013, haitozi kitu. Watu wanazichanganya hizi mbili. GitHub ni baraza ya nje: watu wanapita, wanakaa, wanakusahihisha, na wewe unaweza kuifuta kesho. Zenodo ni kasha. Ukitoa toleo GitHub, Zenodo inachukua nakala, inaipa DOI, na nakala ile haibadiliki tena. Utapata DOI mbili: moja ya toleo hilo khasa, moja ya programu kwa jumla, matoleo yote. Kwenye makala hutajwa ile ya toleo, ili mtu akitaka kurudia hesabu asikutane na “mwisho_kweli”.

Ndani ya msimbo tia faili la README lenye kueleza programu ni ya nini na inavyosakinishwa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili; hakuna sheria inayokataza na wa hapa watakushukuru. Tia data ndogo ya mfano, siku 30 za kigingi kimoja zinatosha. Tia faili liitwalo CITATION.cff, lenye jina la programu, waandishi, toleo na DOI; tangu 2021 GitHub likiliona linaonesha kitufe cha kunakili rejea. R nayo ina amri ya citation() inayomchapishia mtumiaji rejea tayari, ukishaipanga Bamvua kuwa kifurushi.

Jina lako pia lipange mapema, na hili linatuhusu sisi zaidi kuliko wengine. Sisi wengi hatuna jina la ukoo kama wanavyolifahamu wao; tuna la kwetu, la baba na la babu. Mfumo unachukua la mwisho na kulifanya ukoo, kwa hivyo babu yako ndiye anayepata marejeo. Siku ukiandika majina mawili badala ya matatu unakuwa mtu mwengine, na akina Khamis Juma Ali wa Zanzibar wote wanageuka mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu. Fungua namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti mmoja mmoja, tarakimu 16, bure, na uiandike kila mahali pamoja na jina lile lile.

Baada ya hapo ndiyo makala. La kwanza ningelijaribu jarida la JOSS (Journal of Open Source Software), lililoanzishwa 2016 mahsusi kwa programu huria za utafiti. Halimtozi mwandishi wala msomaji, makala yake ni ya kurasa chache tu kwa Kiingereza, na mapitio hufanyika hadharani. Wapitiaji hawaisomi makala tu, wanaisakinisha programu na kuijaribu, wanakwambia pale ilipokwama. Kwa muda mrefu kipimo chao kimekuwa kazi isiyopungua miezi 3 ya mtu mmoja, na programu za chini ya mistari 1,000 huzitilia shaka. Hapo umepita, lakini usijipongeze bado. Watataka majaribio ya kiotomatiki, yaani msimbo unaoikagua programu yenyewe, ambayo nakisia huna, na watataka kuona programu imeishi hadharani kwa muda na ina faida kwa wengine. Je, itafanya kazi kwa jedwali la maji la Mombasa au la Inhambane? Kama kimo cha maji cha Pemba umekiandika moja kwa moja ndani ya msimbo, kitoe, mtumiaji aweke cha kwake.

Njia nyengine ni makala ya mbinu kwenye jarida la bahari. WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari ya magharibi ya Bahari ya Hindi, ambayo makao yake yapo hapa hapa Unguja, inachapisha jarida la sayansi ya bahari la ukanda wetu. Muandikie mhariri umuulize kama makala ya namna hiyo inawafaa. Faida yake ni kwamba watakaokusoma ni wale wenye vigingi. Ningekuwa wewe ningekwenda JOSS kwa programu, na hapa kwa lile swali la mwani na nyuzi 38. Ni makala mbili tofauti, usizibane kuwa moja. Kuna majarida mengine ya programu yanayotoza fedha. Baadhi ya wachapishaji husamehe au kupunguza kwa waandishi wa nchi zetu, uliza kabla ya kutuma. Na yale yanayokuandikia barua pepe kukusifu na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku 5 kwa dola kadhaa, futa.

Kabla ya toleo la kwanza, ingia shambani kichwani mwako. Nani alikwambia kigingi cha mwisho kinakauka nusu saa kabla ya vyengine? Nadhani ni mama mmoja mwenye shamba, si kitabu. Muombe idhini umtaje kwenye orodha ya waliochangia. Kama na wewe utaandika “kwa msaada wa wenyeji” basi barua yako hii haikuwa na maana. Mipaka ya mashamba yao pia usiitoe pamoja na data ya mfano bila ya kuwauliza.

Mambo mengine hayafai kwa barua. Ikiwa mkataba wako una kifungu cha miliki usichokifahamu, mpelekee mwanasheria au ofisi ya utafiti ya taasisi yako, ana kwa ana, na karatasi mkononi. Ikiwa mkuu wako atakataa kabisa, au ukisikia programu inawasilishwa mahali kwa jina la mtu mwengine, usijibu kwa barua pepe usiku huo. Tafuta mtu mzima anayeheshimiwa na nyote wawili mkae watatu, na ikishindikana ndipo uende kamati ya maadili ya utafiti. Na kabla ya kuitangaza, mtafute mwenzako mwenye laptopu nyengine, mkae meza moja, aisakinishe bila ya wewe kumwelekeza. Usiseme kitu, andika tu pale anapokwama.

Wale wa flashi wajibu leo: “Programu mnayoitaka inaandaliwa toleo rasmi pamoja na maelezo ya kuitumia na kuirejelea. Nitakutumieni kiungo mara tu litakapokuwa tayari, inshallah.” Kisha fungua msimbo, nenda mstari wa juu kabisa. Nina hakika utakuta umeandika njia ya folda ya laptopu yako mwenyewe, yenye jina lako la nyumbani. Anza na huo.